Meza ya Kidenmark na Mikono Iliyoiandaa



Kila msimu wa harusi tunaulizwa maswali ya fungate. Siku hizi wapo wanaosafirishwa na waume zao mpaka Ulaya, na swali lao linakuwa moja: tukifika kwenye mkahawa wa Kizungu tutakula nini, na tutakaaje? Sisi wengine tuko bara, huku Robanda wilayani Serengeti, karibu na lango la Ikoma la hifadhi. Wageni kutoka Denmark hufika kwenye kambi za jirani, na mabinti wa hapa huwaandalia chakula. Kwa hiyo leo tunalijibu swali hilo kwa historia, kwa sababu meza ya Kidenmark si ngeni kabisa katika Afrika Mashariki. Imeshawahi kuandaliwa huku, tena kwa mikono ya watu wetu.

Tuanze na kwao. Denmark ni nchi ya bahari kama visiwa vyetu. Jina la mji wao mkuu, Copenhagen, maana yake ni bandari ya wafanyabiashara. Katikati ya mji kuna mfereji uitwao Nyhavn, yaani Bandari Mpya, uliochimbwa katika miaka ya 1670 ili majahazi yaingie mpaka ndani. Zamani palikuwa pa mabaharia na vilabu vya pombe. Leo pande zake zimejaa mikahawa midogo ndani ya nyumba za rangirangi.

Ukiingia humo utawekewa mkate mweusi mzito, kipande kimoja tu bila cha kufunika, na juu yake samaki aliyelowekwa kwenye siki, au yai, au kamba wadogo. Mezani kuna mshumaa hata mchana, kwa kuwa majira yao ya baridi ni marefu na jua huzama mapema. Wao wana neno lao, hygge, kwa ile raha ya kukaa ndani na watu unaowapenda, bila haraka na bila makuu, huku nje kuna baridi. Mtu aliyelelewa kwenye baraza la nyumba ya Unguja hahitaji kufundishwa raha hiyo, ila sisi tunakimbia joto na wao wanakimbia baridi.

Lakini Muislamu ajue: nguruwe amejaa kwenye mapishi ya Kidenmark, na mara nyingi hajulikani kwa macho. Yumo kwenye vibonge vya nyama ya kusaga, yumo kwenye ini la kupaka mkate, na hata mchuzi huweza kupikwa kwa mafuta yake. Basi uliza. Kuuliza kabla ya kula si ushamba.

Sasa tuje kwetu. Mwezi Januari 1914 meli ilitia nanga Mombasa ikiwa na mwari wa Kidenmark wa miaka 28, Karen Dinesen. Alimfuata mchumba wake, Bror Blixen wa Sweden, na wakaoana palepale Mombasa. Kisha wakapanda treni kwenda Nairobi kuanza shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Harusi yake ilikuwa ya bandarini, mbali na mama yake na jamaa zake wa kike. Bibi harusi yeyote aliyehamia ugenini anaujua uzito wa jambo hilo.

Aliyemshikia nyumba tangu mwanzo mpaka mwisho alikuwa Muislamu, Farah Aden, Msomali. Farah hakuwa mtumishi wa kutumwa sokoni tu. Alishika fedha za nyumba, alipokea wageni, aliongoza wafanyakazi, na kwa miaka 17 alisimama kati ya yule mama na watu wote wa shambani. Ndoa ya Karen ilivunjika mwaka 1925, lakini Farah alibaki.

Jikoni alikuwapo Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu. Alikuja utotoni akiwa na vidonda vibaya miguuni, akapelekwa hospitali ya misheni ya Waskoti, akarudi amepona na amekuwa Mkristo. Karen mwenyewe, aliporudi Ulaya kwa mapumziko, alijifunza kupika kwa mpishi Mfaransa wa mkahawa mashuhuri wa Copenhagen. Aliyoyapata huko alimfundisha Kamante. Ndivyo mapishi ya mkahawa wa mji wa bandari wa Denmark yalivyofika Ngong.

Hapa tungependa kila msichana anayejiona hajui kitu kwa sababu hakusoma sana atege sikio. Kamante hakuwa na kitabu cha mapishi. Kila chakula alikiweka kichwani kwa tukio la siku aliyofundishwa. Mchuzi mmoja aliuita kwa jina la radi iliyopiga mti, mwingine kwa jina la farasi wa kijivu aliyekufa. Alikataa mashine ya kupigia mayai, akapiga ute kwa kisu cha kupalilia, na ukaumuka vizuri kuliko wa mashine. Bibi zetu nao walipika biriani ya watu mia bila mizani, kwa kukumbuka tu mkono wa mama ulivyochota. Tofauti ni kwamba Kamante alipata mtu wa kumwandika.

Mwezi Novemba 1928 mtoto wa mfalme wa Uingereza, Prince of Wales, alikuja kula chakula cha usiku katika nyumba ile. Taarifa ilikuja ghafla, na mgeni alitaka pia kuona ngoma. Farah ndiye aliyezunguka kwa machifu kuomba wachezaji waje, na Kamante akaingia jikoni. Kulikuwa na samaki kutoka Mombasa, kulikuwa na kwale, na kulikuwa na nguruwe wa kukausha pamoja na mchuzi wake mtamu. Mgeni aliusifu mchuzi ule. Kamante alipewa habari, akaiweka moyoni, na baada ya muda mrefu akauliza tena kama kweli mtoto wa Sultani alikula wote. Mwenyewe hakuwa na hamu na vyakula vile. Yeye alipenda mahindi yake na viazi vitamu.

Tulitafakari sana jambo hilo. Mtu anaweza kuisimamia kazi ya watu kwa ukamilifu, akalipwa, akaheshimiwa, na asibadilike yeye mwenyewe.

Nyumba ya Farah nayo ilikuwa na mafunzo, hasa kwetu wanawake. Farah alimleta mke kutoka Usomalini, naye akaja na mama yake na ndugu zake wa kike. Karen aliwaandika kwa heshima kubwa katika kitabu chake Out of Africa, kilichotoka mwaka 1937. Aliwanunulia vitambaa, na anasema sketi moja ilichukua yadi kumi. Sisi mafundi hapo tunatikisa kichwa: kitenge cha pisi moja ni yadi sita, basi sketi moja ilikula karibu pisi mbili! Stara ile haikuwa ya kubana kitambaa wala ya kujionyesha. Ilikuwa ni haiba ya mwanamke anayejua thamani yake.

Na thamani hiyo waliisema wazi. Waliposikia kwamba huko Ulaya kuna watu wanaomtoa binti bila mahari, na wengine humlipa mwanamume ili aoe, walishangaa na kuona ni aibu kubwa. Mahari ni haki ya mwanamke katika dini yetu, na wanawake wale waliitetea haki hiyo ugenini, mbele ya mwenye shamba, bila kuona haya.

Mwaka 1931 kahawa ilishindwa na shamba likauzwa. Karen alirudi Rungsted, mji mdogo wa pwani kaskazini ya Copenhagen, katika nyumba ya familia ambayo zamani ilikuwa nyumba ya wageni wasafiri. Huko aliandika vitabu mpaka alipofariki mwaka 1962. Moja ya hadithi zake, Babettes gæstebud, inamhusu mpishi mwanamke aliyekimbilia kijiji cha pwani akatumia fedha zake zote kuwapikia watu 12 karamu moja tu. Filamu yake ya mwaka 1987 ilipata tuzo ya Oscar. Tangu 1991 nyumba ya Rungsted ni makumbusho, na ile ya Ngong ni makumbusho pia tangu 1986. Kitongoji kilichoota juu ya shamba lile kinaitwa Karen.

Hakuna kitongoji kinachoitwa Farah, wala kinachoitwa Kamante. Kamante alifariki mwaka 1985, na simulizi zake zilitolewa kitabu mwaka 1975 baada ya mgeni kumtafuta na kumsikiliza. Wapishi wengine wangapi wa zama zile walipika, wakasifiwa bila kutajwa, wakazikwa na mapishi yao?

Ndiyo maana tumeiandika habari hii kutoka Robanda. Mabinti wanaopika kwenye kambi za huku wanajua kuoka mkate, kutengeneza supu za Kizungu na kupanga uma na visu. Mgeni akirudi kwao anakumbuka jina la kambi. La mpishi halimo hata kwenye picha.

Basi bibi harusi wetu, ukialikwa kwenye meza ya Kidenmark, kaa kwa utulivu, uliza kilichomo, sema Bismillah, na ule kilicho halali kwa raha. Ukimaliza, muulize aliyepika anaitwa nani. Na kabla hujaolewa, kaa na bibi yako na daftari. Andika mapishi yake, na juu ya kila pishi andika jina lake.

Allah azijaze baraka nyumba zenu na meza zenu. Aamin.