Msimbazi: Bonde Lililochorwa Kana Kwamba ni Tupu

Wanafunzi wanaosomea ubunifu wa mandhari huja na hamu ya kuchora. Wanataka kuchora bustani, njia za waenda kwa miguu, miti ya kivuli na mabwawa ya kupunguza kasi ya mafuriko. Katika zama hizi za mabadiliko ya tabianchi, hamu hiyo ni njema na ya lazima. Mimi ni mtu wa historia, na ninalo ombi moja kwao, kwa wanaharakati na kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: kabla ya kulichora bonde, tujifunze kwanza lilivyochorwa na waliotutangulia. Mfano wangu ni Mto Msimbazi wa Dar es Salaam.

Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, hukatiza jiji na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, penye mikoko. Katika sehemu ya chini ya bonde, pale Jangwani, ardhi ni tambarare na maji hayana haraka. Mto unapofurika hutandaza pale maji, mchanga na tope lake. Mahali panapoitwa kwa jina la jangwa ndipo mto huomba nafasi ya kupumzika. Kwa lugha ya kitaalamu, hilo ni bonde la mafuriko likifanya kazi yake.

Sasa tuitazame ramani. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizopanga aina ya nyumba kwa kila eneo. Nyumba za mawe za Kizungu zilipewa ufukwe wa mashariki, na vibanda vya Waafrika vikasukumwa ndani. Mwaka 1893 wakaanzisha bustani ya mimea kando ya Uzunguni, ambayo sehemu yake ipo hadi leo. Waingereza walioshika hatamu baadaye waliukaza mgawanyo huo. Mnazi Mmoja ukawa mkanda wa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo, kwa hoja ya kuzuia maradhi yasivuke. Hivyo eneo la wazi liliingia katika mipango ya jiji hili kama ukuta usio na matofali.

Mpango wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb, uliendeleza fikra hiyo kwa lugha ya kisasa zaidi. Makazi yaligawanywa kwa wingi wa watu: nafasi kubwa kwa Wazungu, ya wastani kwa Wahindi, finyu kwa Waafrika. Kati ya maeneo hayo ilichorwa mikanda ya wazi ya kupitisha upepo. Upepo ni jambo jema katika jiji la joto, nami sidharau sayansi hiyo. Lakini mkanda uleule uliopitisha upepo ulitenganisha watu, na mabonde ya mito yalifaa sana kwa kazi hiyo. Mchoro haukuonesha bonde linafanya nini wala nani analitumia. Ulionesha tu mahali ambapo mtaa mmoja ulikoma.

Uhuru ulikuja na mipango mipya. Mpango Kabambe wa mwaka 1968 uliandaliwa na kampuni ya Kanada, na ule wa mwaka 1979 vilevile. Rangi ya ngozi ilifutwa kwenye ramani, kama ilivyostahili. Mpango wa 1979 ulitamka wazi kuwa mabonde ya mito ni ardhi hatarishi isiyofaa kwa makazi. Kitaalamu tamko hilo lilikuwa sahihi. Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao ni mkubwa: lilisema kisichopaswa kufanyika bondeni bila kusema kwa nguvu ileile nini kifanyike, nani akifanye na kwa fedha ipi. Bonde likabaki doa tupu kwenye karatasi.

Na jiji halikusubiri. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 Dar es Salaam; ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Katikati ya ukuaji huo, mwaka 1972, halmashauri za miji zilifutwa, na ziliporejeshwa mwaka 1978 zilikuta kazi imelundikana. Viwanja vilivyopimwa havikutosha. Ardhi ya bondeni ilikuwa karibu na Kariakoo, karibu na vibarua, na bei yake ilikuwa nafuu kwa sababu ilikuwa hatarishi. Wengine walilima mchicha na matembele yaliyolisha jiji, wengine walichimba mchanga, wengine walijenga. Nafasi ambayo serikali iliichora tupu ilijazwa na watu ambao mpango haukuwachorea nafasi nyingine.

Gharama yake ilionekana Desemba 2011, iliponyesha mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Ulikuwa uamuzi wa huruma, lakini haukuhamisha soko, shule wala kibarua, na baadhi ya watu walirudi mabondeni. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X ukutani na matingatinga. Maji hufuata mkondo, na riziki nayo ina mkondo wake.

Mtumishi wa umma atanijibu kwa sheria, na ana haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Siipingi, kwa kuwa hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, takribani asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na mvua kubwa zinaongezewa nguvu. Juu ya hapo, paa la bati, lami na zege havinywi maji. Anayesema watu waendelee kulala kwenye njia ya mafuriko hawatetei wanyonge. Hoja yangu ni nyingine: katazo lisilo na matumizi mbadala halijawahi kulilinda bonde hili. Tumelijaribu tangu 1979.

Ndiyo maana mpango wa sasa unastahili kusomwa kwa makini. Mwaka 2018 wataalamu, taasisi za serikali na wawakilishi wa wananchi walikaa pamoja kwa miezi kadhaa kutafakari hatima ya Msimbazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na Hispania na Uholanzi zikaongeza nguvu. Unakusudia kutengeneza hifadhi ya jiji itakayopokea mafuriko, kujenga daraja jipya Jangwani na kuihamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi, ambayo iliwekwa bondeni na serikali yenyewe na kufurika mara kwa mara. Karakana hiyo inatukumbusha kwamba si maskini peke yake aliyeliona bonde kuwa tupu.

Kwa mara ya kwanza ramani inalipa bonde kazi ya kufanya. Hilo ni badiliko la kweli katika historia niliyoieleza, nami ninalipongeza. Lakini bustani pia inaweza kuwa ukuta. Hifadhi yenye lango, kiingilio na majengo ya kifahari pembeni itarejesha mkanda wa 1949, safari hii ukitenganisha watu kwa kipato. Na hifadhi isiyo na bajeti ya kuondoa mchanga na taka kila mwaka itarudi kuwa doa tupu, nalo litajazwa tena.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa mandhari, mchoro wako ujibu maswali matatu. Maji yatakwenda wapi siku ya mvua kubwa? Aliyekuwa akiishi au kulima hapa atakwenda wapi, na je, riziki yake itamfuata? Nani atalitunza eneo hili miaka 20 baada ya mfadhili kuondoka, na fungu lake limeandikwa wapi? Swali la kwanza mmefundishwa vizuri. La pili na la tatu ndiyo yaliyoiangusha mipango yote iliyowatangulia, na mwanaharakati ayaulize hadharani kabla mkandarasi hajaanza kazi, wakati jibu bado linaweza kubadilisha mchoro.