Uthibitishaji wa Lahajedwali za Maabara: Kinga ya Usahihi wa Majibu ya Vipimo

Cheti cha maabara kinachoruhusu shehena ya mahindi kuingia sokoni, au kinachoonesha kuwa jiwe la mizani lina uzito unaotakiwa, mara nyingi hutokana na hesabu iliyofanyika ndani ya lahajedwali ya kompyuta. Fomula ikikosewa, jibu nalo hukosewa, hata kama mtambo wa kupimia ni mzima na mtaalamu ni hodari.

Kwa sababu hiyo, kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025:2017, kinachoweka masharti ya umahiri wa maabara za upimaji na ugezi, kinaitaka maabara kuthibitisha utendaji wa mifumo yake ya taarifa kabla ya kuanza kuitumia. Sharti hilo limo katika kifungu cha 7.11, ambacho pia kinaagiza hesabu na uhamishaji wa takwimu ukaguliwe kwa utaratibu maalumu.

Kiwango hicho kinatambua kuwa programu ya kawaida inayouzwa sokoni, ikitumika ndani ya mipaka iliyokusudiwa, inaweza kuchukuliwa kuwa imethibitishwa vya kutosha. Hata hivyo, unafuu huo unahusu programu yenyewe. Fomula zilizoandikwa na maabara ndani ya programu hiyo ni kazi ya maabara, na ni wajibu wake kuzithibitisha.

Athari za kosa dogo

Chukulia mfano wa kipimo cha sumukuvu katika mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 isiyozidi mikrogramu 5. Sampuli ikiwa na B1 mikrogramu 4.6, B2 mikrogramu 1.1, G1 mikrogramu 3.9 na G2 mikrogramu 1.2, jumla ni 10.8, na shehena haifai. Fomula ya kujumlisha ikiishia kwenye kisanduku cha tatu, jumla itasomeka 9.6, na mahindi hayo yatafika mezani kwa mlaji.

Kosa jingine hutokea katika ugezi. Jiwe la gramu 100 likipimwa mara tano na kutoa 100.02, 100.04, 99.98, 100.00 na 99.96, mkengeuko sanifu wa sampuli ni gramu 0.032. Mtaalamu akichagua fomula ya kundi zima badala ya fomula ya sampuli, atapata 0.028. Tofauti hiyo ya karibu asilimia 11 huufanya mtawanyiko wa vipimo uonekane mdogo kuliko ulivyo.

Nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 waliachwa nje ya takwimu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020. Majibu ya maabara yalipitishwa katika faili la lahajedwali la muundo wa zamani, lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Wagonjwa walikuwa wamepewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta waliokutana nao ilichelewa.

Hatua za uthibitishaji

Uthibitishaji huanza kwa kuandika kazi ya lahajedwali, fomula zake na chanzo cha kila fomula. Kisha hatua zifuatazo hufanyika:

1. Kukokotoa upya kwa kikokotoo au programu nyingine, kwa kutumia takwimu ambazo jibu lake linajulikana, na kulinganisha matokeo.
2. Kujaribu thamani za mipakani, sifuri, visanduku vitupu na maandishi yaliyowekwa mahali pa namba.
3. Kukagua vizio vya vipimo, ukadiriaji wa desimali na visanduku vinavyohusishwa na kila fomula.
4. Kufunga visanduku vya fomula kwa nywila na kuacha wazi vile vya kuingizia takwimu pekee.
5. Kulipa faili namba ya toleo, kuhifadhi nakala rudufu na kuondoa matoleo ya zamani katika matumizi.
6. Kutunza kumbukumbu inayoonesha aliyethibitisha, tarehe na matokeo.

Kazi hiyo haiishi siku ya kwanza. Kila badiliko, hata la kisanduku kimoja, huhitaji kuidhinishwa, kuandikwa na kuthibitishwa kabla ya kutumika.

Haki ya mteja

Mwananchi anayepeleka sampuli maabara anaweza kuuliza iwapo kipimo anachohitaji kimo ndani ya wigo wa ithibati ya maabara hiyo. Ithibati hutolewa na vyombo kama SADCAS, inayohudumia nchi za Kusini mwa Afrika ikiwemo Tanzania, na KENAS nchini Kenya. Asiporidhika na majibu, anaweza kuwasilisha malalamiko, kwa kuwa kiwango kinaitaka kila maabara kuwa na utaratibu wa kuyapokea na kuyashughulikia. Kosa la hesabu likibainika, maabara hutakiwa kutathmini athari zake kwa majibu yaliyokwishatolewa, kumjulisha mteja inapobidi na kutoa ripoti iliyorekebishwa.