Pia na Fimbo ya Enzi

Mwenye kutaka kuijua historia ya taifa husoma habari za wafalme na vita vyao. Lakini pengine picha ya mtoto mmoja humfunza jambo ambalo vitabu hivyo havikulitaja. Mfano wake ni picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Mwingereza Ford Madox Brown mwaka 1860, ambayo sasa ni mali ya jumba la sanaa la mji wa Manchester. Mtoto huyo ni Oliver, mwana wa mchoraji mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka mitano.

Brown alikuwa ameonja ufukara. Katika picha yake ya mwaka 1855, The Last of England, aliwaonyesha wahamiaji wakiiacha nchi yao kwa merikebu. Mke katika picha amemfunika mtoto kwa shali, wala haonekani ila kiganja chake. Kiganja hicho ni cha Oliver. Mwaka 1857 Arthur, mdogo wake Oliver, alifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kwa hiyo Brown alipoketi kumchora Oliver, alijua vema jinsi mtoto awezavyo kumtoka mzazi mikononi.

Katika picha hiyo Oliver ametukabili, amevaa kofia ya majani makavu, ameshika pia na mjeledi wa kuichezea. Mchezo huo hata watoto wa huku kwetu waujua. Lakini yafaa tuutazame mkao wake. Brown alimstahi sana Holbein, aliyemchora Mfalme Henry wa Nane. Naye Oliver ametulia mfano wa wafalme wa picha za kale. Pia imeshika mahali pa tufe la kifalme, na mjeledi mahali pa fimbo ya enzi. Tena baba hakuipa picha jina la mwanawe, bali aliiita The English Boy, yaani Mvulana wa Kiingereza, kana kwamba taifa zima lina mrithi katika mtoto wa mchoraji asiye na cheo.

Oliver alikua akawa mchoraji na mwandishi. Riwaya yake, Gabriel Denver, ilipigwa chapa mwaka 1873. Mwaka uliofuata alifariki, umri wake miaka 19. Baba yake aliishi hata mwaka 1893.

Wafalme walichorwa ili watiiwe. Oliver hakuwa na wa kumtawala ila pia yake, lakini baba yake alimwona kuwa astahili heshima ile ile.