Draiva ya waifai katika Linux ya vifaa vidogo: kukompaili na kutafuta hitilafu

Draiva ya waifai ni programu inayoiunganisha kerneli ya Linux na chipu ya redio. Kwenye kompyuta nyingi huja pamoja na mfumo. Kwenye vifaa vidogo mambo ni tofauti: Raspberry Pi, kwa mfano, ilianza kuuzwa mwaka 2012 bila waifai, ikaipata katika toleo la 3 mwaka 2016. Mwenye kifaa cha zamani huchomeka adapta ya USB, na mara nyingine hulazimika kuikompaili draiva yake mwenyewe.

Mjini, faili likikosekana hupakuliwa papo hapo. Mgori, kata ya mkoa wa Singida inayojulikana kwa msitu wa miombo ambao vijiji vilianza kuusimamia vyenyewe miaka ya 1990, ni mbali na maduka ya vipuri, na fundi anayefika huko akitegemea bando la simu atajuta: msimbo chanzo wa kerneli, hata ukiwa umebanwa, unazidi megabaiti 100. Katika mkoa jirani wa Dodoma, mtandao wa jamii wa Kondoa umeonyesha kwamba watu wa vijijini wanaweza kujijengea huduma ya intaneti. Kwa kazi za namna hiyo, kila kinachohitajika hutiwa kwenye flashi kabla ya safari.

Uchunguzi huanza na chipu, kwa kuwa jina la kwenye boksi hudanganya. Adapta ya TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza ina chipu ya Atheros AR9271, ambayo draiva yake, ath9k_htc, imo tayari ndani ya kerneli. Toleo la pili lina jina lilelile, lakini ndani yake mna RTL8188EUS ya Realtek. Amri ya lsusb humaliza ubishi: namba 0cf3:9271 ni Atheros, 2357:010c ni Realtek.

Kinachofuata ni kerneli. Amri ya uname -r hutaja toleo linalotumika, na faili vichwa vyake lazima vilingane nalo hadi herufi ya mwisho. Vikikosekana, make hulalamika kwamba folda ya build ndani ya /lib/modules haipo. Vikiwa vya toleo jingine, moduli (draiva yenyewe iliyokompailiwa) inaweza kukompailika vizuri kisha ikakataliwa wakati wa kupakiwa kwa ujumbe wa “Invalid module format”.

Hitilafu nyingine hutokana na umri wa msimbo. Linux 4.15 ya mwaka 2018 iliiondoa init_timer, na 5.6 ya mwaka 2020 ikabadilisha muundo unaotumiwa na faili za /proc. Draiva iliyoandikwa kabla ya hapo hukwama kwenye mistari inayotumia vitu hivyo. Dawa ni kutafuta msimbo uliohuishwa, si kufuta mistari inayoleta kelele.

Makefile za Realtek nazo zina mtego wake. Nyingi huja zimewekwa CONFIG_PLATFORM_I386_PC kuwa y, yaani kompyuta ya mezani. Kwenye Raspberry Pi hugeuzwa kuwa n, na CONFIG_PLATFORM_ARM_RPI huwekwa y.

Saa pia huleta matata. Raspberry Pi hadi toleo la 4 haina saa yenye betri, hivyo bila intaneti hubaki na tarehe ya nyuma, na make hutoa onyo la “Clock skew detected”. Tarehe hurekebishwa kwa mkono kwa amri ya date.

Moduli ikipakiwa lakini wlan0 isionekane, dmesg ndiyo shahidi. Mara nyingi kinachokosekana ni fimweya: AR9271, kwa mfano, haifanyi kazi bila faili lake ndani ya /lib/firmware.

Hata hivyo, draiva iliyokompailiwa nje ya kerneli huhitaji kukompailiwa upya kila kerneli inapobadilishwa. Kwa kifaa kitakachokaa kijijini bila fundi, ni nafuu kununua adapta ambayo kerneli tayari inaitambua.