Gari ya auto njia ya Sikonge: kubadili mafuta na filta ya giaboksi bila kuiua

Leo tunaongelea ishu inayowatoa watu jasho kimya kimya: giaboksi ya auto kwenye Hilux na Surf za zamani. Injini inawaka vizuri, moshi hamna, bodi safi, halafu siku moja unaweka D gari inafikiri kwanza ndo inaondoka. Wengi hapo hapo wanapiga simu Dar kutafuta giaboksi ya mtumba. Mara nyingi kilicholeta balaa ni mafuta ambayo hayajaguswa tangu gari iteremshwe melini.

Pikapu nyingi huku ni za gia za mkono, hilo najua. Lakini Hilux zilikuwa zinauzwa Japani kwenyewe mpaka 2004, na wajapani wengi walizitaka za auto, kwa hiyo zikaja hivyo hivyo. Surf ni ndugu yake wa damu. Nyingi za miaka ya 90 zina giaboksi ya Toyota ya ukoo wa A340, gia nne mbele. Hii ndo nitakayoielezea. Ni giaboksi ngumu kufa, ila ina adui mmoja: joto.

KWA NINI HUKU KWETU ZINAUMIA

Kwenye auto hakuna klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, ambayo ni kama feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta. Moja inazungushwa na injini na kusukuma mafuta, nyingine inasukumwa na yale mafuta na kuzungusha gia. Mafuta hayo hayo yanabana diski za ndani ili gia ziingie, yanalainisha, na yanabeba joto kupeleka kwenye rejeta. Kwa hiyo kazi yake ni kubwa kuliko oili ya injini.

Sasa pakia magunia ya tumbaku au madumu ya asali, ingia mchanga wa kule mbele ya Sikonge, au ukwame kwenye tope la mbuga masika. Injini inaunguruma, tairi haziendi. Feni moja inazunguka, nyingine imesimama, na nguvu yote inageuka joto ndani ya mafuta. Dakika chache tu za kukanyaga D, R, D, R kwenye tope zinachosha mafuta kuliko safari nzima ya lami mpaka Nzega. Njia hizi hazijaanza leo kumaliza vyombo. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora hii hii, Novemba 1857 wakiwa hoi, wakakaa zaidi ya mwezi wakijipanga upya kabla ya kuendelea kwenda Ujiji.

Na auto ikifa porini haina msaada wa kienyeji. Kuisukuma ili iwake haisaidii, maana pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Kuivuta kwa kamba tairi zikiwa chini ndo kuimalizia kabisa: gia za ndani zinazunguka bila mafuta. Ya kuvutwa mbali ifunguliwe propela shafti, au ipakiwe juu ya lori.

PIMA KWANZA

Usikimbilie spana. Paki sehemu tambarare, gari iwe imetembea na kupata moto, injini ikiwa inawaka bila kukanyaga mafuta. Kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu kutoka P mpaka L, rudisha P. Chomoa kijiti cha giaboksi, futa, rudisha, chomoa tena. Soma alama ya moto, siyo ile ya baridi. Kuna watu wanapima injini ikiwa imezimwa kama wanavyopima oili ya injini. Ukizima, mafuta yaliyokuwa yanazunguka yanarudi chini na kijiti kinakudanganya.

Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Jekundu na angavu, poa. La kahawia, limechoka. Jeusi lenye harufu ya kuungua, diski zimeanza kuliwa. La rangi ya waridi kama maziwa ya strobari, simama hapo hapo: rejeta imetoboka ndani, maji yameingia kwenye giaboksi. Hapo tatizo ni rejeta kwanza, na kubadili mafuta kabla ya kuitengeneza ni kutupa hela.

Kuna imani vijiweni kwamba auto ya zamani ukiibadilisha mafuta inakufa. Haikutoka hewani. Mtu anasubiri mpaka gia zimeanza kuteleza ndo anabadilisha, baada ya wiki gari inagoma, lawama inaenda kwa mafuta mapya. Diski zilikuwa zimeshaisha, hakuna mafuta yanayorudisha diski. Ila mashine za kusukuma mafuta kwa presha kwenye giaboksi iliyochoka mimi siziamini, zinaweza kuhamisha uchafu uliolala na kuupeleka kwenye vitundu vya valvu. Njia ya kumwaga na kujaza ni ya taratibu, na ndo salama.

MAFUTA GANI

Hapa ndo watu wanauliwa gari. Dukani ukisema "hadroliki" unaweza kupewa chochote chekundu. Soma kwenye kijiti chenyewe au kitabu cha gari. Za zamani zimeandikwa Dexron II au III. Nyingine za kuanzia miaka ya mwisho ya 90 zinataka Toyota Type T-IV. WS ni ya giaboksi mpya zaidi, usiiweke kwa kubahatisha. GM, wenye jina la Dexron, waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwisho wa 2006, kwa hiyo kopo lililoandikwa hivyo leo linategemea uaminifu wa kampuni iliyotengeneza. Nunua lenye jina linalojulikana na kizibo ambacho hakijaguswa, epuka ya kupimiwa kwenye chupa. Na usikubali fundi akwambie oili ya injini namba 40 inafaa.

Kwa wapenda historia: auto ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya GM, mwaka 1939, kwenye Oldsmobile za 1940. Mafuta ya giaboksi za miaka ile yalikuwa yanachanganywa na mafuta ya nyangumi, mpaka Marekani ilipopiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 70.

KAZI YENYEWE

Tafuta spana ya namba 10, spana ya nati ya kumwagia, karai pana, faneli yenye mpira mrefu mwembamba, kitambaa kisichotoa nyuzi, filta na gasketi mpya. Washa gari dakika chache mafuta yawe vuguvugu, siyo ya moto wa kuunguza. Inua gari, weka stendi au magogo imara, zuia tairi kwa mawe. Usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Hakikisha unafungua nati sahihi. Sampu ya injini iko mbele, ya giaboksi iko nyuma yake, ni bapa na imezungukwa na bolti ndogo ndogo. Transfa iko nyuma zaidi, ina nati zake. Kosa la kawaida ni fundi kumwaga giaboksi akidhani ni injini, halafu anajaza oili ya injini juu ya ile iliyokuwepo. Gari inatoka na injini imejaa mara mbili na giaboksi kavu.

Mwaga kwenye karai, kisha mimina kwenye chupa za maji za lita moja na nusu na uhesabu. Hicho kipimo ndo dhahabu yako. Fungua bolti za sampu kidogo kidogo kuzunguka, acha kona moja ya mwisho ili ishuke taratibu, ndani kuna mafuta yaliyobaki na yatakumwagikia usoni. Yapime nayo.

Ndani ya sampu utaona sumaku ndogo. Uji wa kijivu juu yake ni kawaida, ni vumbi la chuma la miaka yote hiyo. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, au vya rangi ya shaba, ni habari mbaya, na hapo uanze kuweka akiba. Safisha sumaku, zirudishe zilipokuwa.

Filta ya hizi Toyota ni ya waya, imeshikwa na bolti chache. Angalia urefu wa kila bolti na ilipotoka, zinaweza kutofautiana. Ukikosa filta mpya Tabora mjini, ile ya waya inaoshwa kwa petroli na kukaushwa vizuri, mradi wavu haujatoboka. Ya karatasi haioshwi. Hakikisha gasketi ndogo ya filta ya zamani haijabaki imeganda juu. Ikibaki, pampu inavuta hewa na gari haitatembea.

Kuna sampu zenye gasketi na nyingine zinafungwa kwa gundi ya silikoni. Kama ni gundi, paka uzi mwembamba. Inayozidi inakatikia ndani na kwenda kuziba filta uliyoisafisha sasa hivi. Bolti za sampu zinakazwa kwa Nm 7 tu, yaani nguvu ya kifundo cha mkono na spana fupi, kwa kuzunguka mara mbili tatu. Mafundi wetu wana mikono mizito, wanakata bolti ndani ya aluminiamu halafu inakuwa kesi nyingine.

Jaza kupitia tundu la kijiti kiasi kile kile kilichotoka kwenye chupa zako. Washa, pitisha gia zote, pima. Tembea kilomita kama kumi, pima tena ikiwa ya moto, ongeza kidogo kidogo. Ikizidi inatoa povu, na povu halibani diski.

Usishangae mafuta yakionekana bado ya kahawia. Kumwaga sampu kunatoa kama theluthi moja tu, mengine yako ndani ya konveta na mabomba ya rejeta. Ukirudia baada ya kilomita elfu moja mapya yanafika kama asilimia 56, ya tatu kama 70. Hizo mbili za kurudia hazihitaji kufungua sampu, ni nati tu na faneli. Baada ya hapo, kwa gari inayobeba mzigo na kula mchanga, kila kilomita 40,000 inatosha. Mafuta yaliyotoka usimwage kwenye mtaro. Mafundi wa mbao wanayataka ya kupaka dhidi ya mchwa, watakuja kuyachukua wenyewe.