Magari Yanayojiendesha: Kutoka Jangwani Hadi Mjini

Jaribio mojawapo maarufu la magari yanayojiendesha lilifanyika jangwani. Machi 2004, DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliandaa mashindano katika jangwa la Mojave, njia ya kilomita zipatazo 230. Hakuna gari lililomaliza. Lililofika mbali zaidi liliishia kilomita ya 12 hivi. Mwaka uliofuata matano yalimaliza, na gari la Chuo Kikuu cha Stanford likashinda dola milioni 2.

Jangwani, hata hivyo, hakuna wa kupigania naye njia. Novemba 2007 mashindano yalihamia Victorville, California, kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga, ambako magari yalipaswa kupishana kwenye makutano. Mawili yaligongana taratibu, na sababu mojawapo ni kwamba kila moja lilishindwa kukisia nia ya mwenzake. Tatizo hilo limeyafuata mpaka barabarani.

Februari 2016, mjini Mountain View, gari la Google lililotaka kukata kulia lilikuta magunia ya mchanga yamezingira mfereji wa maji ya mvua. Likasimama, likasubiri magari mengine yapite, kisha likaingia katikati ya njia polepole, likitarajia basi lililokuwa likija nyuma litalipisha. Halikulipisha, yakagusana. Bahati njema, hakuna aliyeumia.

Tempe, Arizona, mambo yalikuwa ya kusikitisha. Usiku wa Machi 18, 2018, gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka huku akikokota baiskeli. Wachunguzi wa serikali waligundua kwamba vihisi vilimnasa sekunde 5.6 kabla ya kugongwa. Programu ilimchukulia kuwa gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ilipobadili ilianza upya kukisia anakoelekea. Isitoshe, haikuundwa kutarajia mtu avuke pasipo na kivuko, jambo ambalo dereva yeyote hulitarajia kila siku. Msimamizi aliyekaa kwenye usukani naye alikuwa akitazama simu. Lawama kubwa ni ya waliolipeleka gari hilo barabarani likiwa na pengo la namna hiyo.

Oktoba 2023, San Francisco, mtu aliyegongwa na gari jingine alirushwa mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise. Teksi ilimgonga, ikasimama, kisha ikasogea kando ya barabara ikimburuta mita 6 hivi. Mwezi huohuo California ilisimamisha vibali vya Cruise, na Desemba 2024 kampuni mama, General Motors, ikatangaza kuacha kugharimia teksi hizo.