Miaka Asiyoifikia Yasmin

Vuta N'kuvute nilikisoma kidato cha tano kwa ajili ya mtihani, nikakariri wahusika kwa sifa zao: Denge mwanaharakati, Bwana Raza mzee mwenye pesa, Yasmin binti wa Kihindi aliyeozwa asipotaka. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya hiyo ya Shafi Adam Shafi, niliikuta nikiwa tayari mwanafunzi wa uzamili wa historia. Nilikwenda kuitazama na rafiki yangu, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Bibi yake alihamia Dar es Salaam kutoka Unguja baada ya Januari 1964, na yuko Upanga mpaka leo.

Katikati ya filamu rafiki yangu akaninong'oneza, "Huyu anaongea kama sisi."

Nilimwelewa. Katika vichekesho tulivyokulia, Mhindi alikuwa mtu wa kaunta. Anahesabu noti, anamfokea mfanyakazi, anavuruga ngeli ili tucheke. (Nami nilicheka sana, tena nikiwa nimekaa naye.) Yasmin, anayeigizwa na Ikhlas Gafur Vora, hakuwekwa pale achekwe. Yeye ndiye tunayemfuata anapoikimbia ndoa, anapokimbilia Ng'ambo kwa Mwajuma, anapompenda Denge na kuingia katika harakati za kumpinga Mwingereza. Shivji, ambaye naye ana asili ya Kihindi, aliwahi kuigusa mipaka hii katika T-Junction ya mwaka 2017, ambayo mhusika wake Fatima ni chotara. Hapa amekwenda mbali zaidi.

Hata hivyo nilitoka na kinyongo. Ili Yasmin apendwe na watazamaji, ilibidi kwanza awaache watu wake. Waliobaki upande wa pili, Raza na jamaa, ni wale wale wa kaunta niliowazoea. Mhindi mwema ni aliyetoroka.

Kubwa zaidi kwangu ni saa ya filamu yenyewe. Tuko miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo, Sultani bado yupo, na kila kitu kinaweza kutokea. Sisi tunaosoma historia tunakaa kwenye kiti tukijua kilichotokea. Mwezi Septemba 1970, chini ya utawala wa Karume, mabinti wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu visiwani. Hoja iliyotolewa ilikuwa kuchanganya damu na kuua ubaguzi. Yasmin alilazimishwa na ukoo wake. Hawa walilazimishwa na dola iliyosema imekuja kuwakomboa watu.

Ndiyo maana picha ya Denge na Yasmin, mwanamume Mwafrika na binti wa Kiasia waliopendana kwa hiari yao, ilinipendeza na kunichoma kwa pamoja. Miaka kumi na kitu baadaye, picha hiyo hiyo ilitengenezwa kwa amri. Simlaumu Shivji. Riwaya ina mipaka yake, na hakuna filamu inayodaiwa kubeba kila mwaka. Lakini nimeona jinsi tunavyoishangilia: tunaitaja kama ushahidi kwamba Zanzibar ilikuwa ya mchanganyiko na mapenzi, kisha tunafunga daftari. Mwenzangu mmoja darasani alisema filamu hii imemaliza deni letu kwa Wahindi. Sikumjibu, na bado najilaumu.

Usiku ule tulisimama kwenye chipsi, rafiki yangu akampigia bibi yake simu. Akamsimulia habari za Unguja, taarabu, vichochoro, mavazi. Akamwuliza kama angependa apelekwe kuiona wikendi.

Bibi alinyamaza kidogo. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikamsikia vizuri.

"Inaishia mwaka gani?"

"Hamsini na kitu, bibi."

"Basi nitakuja."